Presha ya macho: matone, leza au kisu, na hii hofu ya mtoto wa jicho

Baba yangu ana miaka 64 na ana presha ya macho, macho yote mawili, ila hayalingani. La kulia limeshaliwa sana, pembeni haoni kitu, ukisimama upande huo ukamwambia shikamoo anashtuka kama umetokea ukutani. La kushoto lina nafuu. Mwezi wa pili dokta akasema la kulia lifanyiwe operesheni na la kushoto tujaribu leza, mzee akakataa palepale, akavaa kofia yake tukarudi Tabata kimya kimya mpaka nyumbani.

Sababu ni jirani yetu. Naye mzee, alifanyiwa operesheni hiyohiyo mwaka juzi, miezi ya mwanzo akawa vizuri tu, halafu jicho likaanza ukungu, mwaka haujaisha akawa hatofautishi noti ya elfu kumi na ya elfu mbili, mtaa mzima ukajua wamemharibu. Kumbe presha yake ilikuwa imetulia vizuri kabisa, kilichomjia ni mtoto wa jicho juu ya operesheni. Mwaka huu ametolewa na sasa anasoma mabango ya daladala kabla yangu. Ila hiyo sehemu ya pili ya hadithi mtaani haijazunguka kama ile ya kwanza, si mnatujua.

Basi mimi nikakaa na hii kitu wiki tatu nauliza, nasoma, nawasumbua madaktari wawili tofauti, nikaweka njia zote tatu pembeni kwa pembeni, na swali langu lilikuwa moja: ipi inaleta mtoto wa jicho, kwa kiasi gani, na hiyo hofu inatosha mtu kukataa tiba?

Kabla sijalinganisha, hiki ndo kilinifungua macho (samahani kwa neno). Jicho linatengeneza maji ndani yake muda wote na yana sehemu ya kutokea, kama sinki, bomba liko wazi na chini kuna chujio. Chujio likiwa zito maji yanajaa, presha inapanda, inaminya mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho unaopeleka picha kwenye ubongo. Presha inayosemwa ya kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini kuna watu wana 17 na mshipa unaliwa vilevile, ndo maana hawakupimi presha peke yake, wanaangalia mshipa na wanakupima upana wa kuona, kile kipimo cha kubonyeza kitufe ukiona kinuru. Sasa mshipa ukishakufa umekufa, hakuna daktari popote duniani anayeurudisha. Mtoto wa jicho ni kitu kingine kabisa, ni lenzi ya jicho kupoteza uangavu, kama kioo cha gari kilichokwaruzwa na vumbi, na lenzi inatolewa inawekwa ya plastiki, kazi ambayo imeanza zamani, Mwingereza Harold Ridley aliweka ya kwanza London mwaka 1949. Kwa hiyo mzee alikuwa anaogopa tatizo linalotibika na anataka kukaa na lile lisilotibika. Nilimwambia hivyo kwa upole, akanijibu "wewe umesomea macho lini". Sawa.

Twende kwenye matone kwanza maana ndo wengi wanaanzia. Yaliyozoeleka ni timolol, asubuhi na jioni, na latanoprost, tone moja usiku. Timolol ni ya bei nafuu na inapatikana famasi nyingi, lakini ni dawa inayoingia kwenye damu, mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana, na mwenye mapigo ya moyo ya polepole inamshusha zaidi, kwa hiyo usimpe shangazi yako chupa yako eti na yeye ana presha ya macho. Latanoprost inarefusha kope, inaweza kuitia giza ile duara yenye rangi ya jicho na ngozi ya pembeni ya jicho, na chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae frijini. Sasa wewe nunua chupa kwenye duka la joto la Dar ambalo umeme ukikatika frij nayo inalala, halafu ushangae mbona presha haishuki.

Kwa mtoto wa jicho, matone hayakati wala hayagusi lenzi, hatari iko chini kuliko kisu. Chini, siyo sifuri, ntarudi hapo kwenye leza maana kuna namba zilinishangaza. Tatizo la matone mi naona ni binadamu. Ni kila siku, maisha yote, kwa ugonjwa ambao hauumi, na ukiyaweka huoni tofauti yoyote, huoni vizuri zaidi, unapata kuwashwa tu. Baba alikuwa anaambiwa chupa ni ya mwezi, yeye inafika miezi miwili na nusu, anajisifu anajua kubana matumizi. Hapo ndo jicho la kulia lilipoliwa, na sisi nyumbani tunaona chupa iko dirishani tunajua mzee anatumia dawa.

Nikiwa hapohapo kwenye matone nitoke nje kidogo. Kuna matone mengine, yale ya macho kuwasha na mekundu, yenye steroidi kama deksamethazoni, watu wananunua dukani bila cheti na kuyatumia miezi kwa sababu yanatuliza haraka mno. Hayo yakitumika muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya macho na pia kuleta mtoto wa jicho, vyote viwili, hata kwa mtoto wa shule. Kwa hiyo mtu anaweza kukimbia operesheni kwa hofu ya mtoto wa jicho huku mfukoni ana chupa inayomtengeneza. Soma jina la dawa kwenye boksi, ukiona deksamethazoni au prednisoloni na hukuandikiwa na daktari wa macho, acha kuchezea. Kama uliandikiwa baada ya operesheni hiyo ni sawa, ina ratiba yake ya kupunguza, usiache ghafla.

Leza sasa. Hii wanayoiita SLT siyo ile ya kuondoa miwani, watu wanachanganya sana. Unakaa kwenye mashine kama ya kupimwa macho, unawekewa tone la ganzi, wanaweka kilenzi kwenye jicho, unaona vimulimuli vya kijani, dakika chache umeshuka. Inaamsha lile chujio lipitishe maji. Hakuna kidonda, hakuna bandeji, siku hiyohiyo unapanda mwendokasi unarudi kwako. Jicho linaweza kuuma uma siku moja mbili, na presha inaweza kuruka kidogo saa za mwanzo ndo maana wanakupima tena kabla hujaondoka. Matokeo hayaonekani kesho, subiri wiki nne mpaka nane, na hayadumu milele, baada ya miaka kadhaa nguvu inapungua, inaweza kurudiwa. Na haimfai kila mtu, ile pembe ya jicho yanapotokea maji inatakiwa iwe wazi, ikiwa imefunga ni habari nyingine.

Kilichonifanya niipende ni kwamba imepimwa hapahapa kwetu. Kulikuwa na utafiti hospitali ya KCMC Moshi, ukatoka kwenye jarida la Lancet Global Health mwaka 2021, wakawagawa wagonjwa wa presha ya macho, wengine leza ya SLT wengine matone ya timolol, baada ya mwaka mmoja waliopata leza macho yaliyofika kwenye presha iliyokusudiwa ni 61%, wa timolol 31%. Mara mbili! Na hao ni watu wa Tanzania siyo wa huko kwenye baridi. Lakini soma upande wa pili wa hiyo namba, 39% ya macho leza haikutosha, kwa hiyo anayekuuzia leza kama uchawi mkwepe.

Kuhusu mtoto wa jicho kuna ule utafiti wa Uingereza unaoitwa LiGHT. Waliwafuatilia watu miaka 6, nusu walianza na leza nusu walianza na matone. Walioanza na matone macho 95 yalihitaji kutolewa mtoto wa jicho, walioanza na leza macho 57. Na operesheni ya presha ilihitajika kwenye macho 32 ya kundi la matone dhidi ya 13 ya leza. Mi nilitegemea matone na leza vilingane kwenye mtoto wa jicho kwa sababu hakuna kinachokata jicho, kumbe hapana. Dokta mmoja nilipomuuliza alisema usiruke kusema dawa ndo inaleta, na kweli hizo ni namba za waliotolewa, siyo za waliopata. Ila kama unaweka mezani njia ambayo haikusogezi karibu na mtoto wa jicho, leza iko mbele, hilo silioni la kubishania.

Haya, kisu. Jina lake trabekulektomi, imekuwepo tangu 1968, na wanachofanya ni kutoboa kijia kipya cha maji chini ya kope la juu ili yatoke kwenye jicho yaingie chini ya kile kingozi chembamba kinachofunika weupe wa jicho, panabaki kama kalengelenge kadogo kamefichwa na kope. Inashusha presha kuliko hizo nyingine mbili, hapo hazigusi. Kuna utafiti mwingine wa Uingereza wa watu waliogundulika ugonjwa umeshafika mbali, baada ya miaka miwili waliopasuliwa presha yao wastani ilikuwa 12.4 na wa matone 15.1. Unaweza kusema tofauti ya 2.7 ni nini, lakini kwa mtu aliyebakiza kadirisha kadogo ka kuona kila namba ina maana. Sisi watu weusi kidonda kinapenda kujifunga kwa kovu nene, hiyo njia inaziba, ndo maana wanaweka dawa ya kuzuia kovu, mitomaisini, wakati wa operesheni.

Na hapa ndo mtoto wa jicho anaingia kwa mlango mkubwa. Presha ikishuka mno siku za mwanzo jicho linakuwa kama mpira uliopungua upepo, chumba cha mbele, yaani ile nafasi ya maji iliyo mbele ya lenzi, kinasinyaa, lenzi inasogea inagusana na sehemu isizotakiwa kuzigusa. Kuna uvimbe wa ndani baada ya kukatwa. Kuna matone ya steroidi ya wiki nyingi ambayo huwezi kuyakwepa maana ndo yanazuia kovu. Na kuna umri, wengi wanaofika kwenye kisu wameshavuka 60, mtoto wa jicho alikuwa yuko njiani anakuja hata bila operesheni, imemharakisha tu.

Kiasi gani? Utafiti wa Marekani wa AGIS uliotoa majibu mwaka 2001 ulisema hatari inaongezeka kwa 78%. Kaka yangu alivyoikuta hiyo kwenye simu akaituma kwenye grupu la familia na maandishi makubwa, "WATU 78 KATI YA 100 WANAPATA", nyumba ikawaka moto. Siyo hivyo jamani. Ni ongezeko juu ya hatari ambayo tayari unayo. Chukua mfano tu wa hesabu, tuseme watu wa umri wako ambao hawajapasuliwa 20 kati ya 100 wangepata katika miaka fulani, basi waliopasuliwa wanakuwa kama 35 au 36. Wengi kuliko, ndiyo, lakini siyo 78. Na kitu ambacho kaka hakukisoma kiko kwenye utafiti uleule, operesheni iliyoenda bila matatizo ongezeko ni 47%, iliyopata matatizo, hasa chumba cha mbele kusinyaa au uvimbe mkali, ni 104%. Kwa mfano wetu ni 29 dhidi ya 41 hivi. Kwa hiyo zile kliniki za wiki ya kwanza na ya pili ambazo watu wanazikimbia kwa sababu ya nauli na foleni, ndo zenyewe, pale ndo wanaona presha imeshuka kupita kiasi na wanarekebisha mapema. Mwenye kisukari naye aongeze umakini, sukari peke yake inaleta mtoto wa jicho.

Swali linalokuja hapo, na baba ndo aliuliza, akija anatolewaje wakati jicho lina kile kijia? Anatolewa, lakini siyo bure. Operesheni ya mtoto wa jicho inaleta uvimbe wake, na uvimbe unaweza kuziba kijia ulichotengenezewa, presha ikapanda tena. Ndo maana mara nyingi wanapenda kusubiri angalau miezi sita tangu ile ya kwanza, kijia kikomae. Na kuna wenye vyote viwili tangu mwanzo, presha na mtoto wa jicho mzito, hao wana chaguo jingine, kufanya vyote siku moja. Faida ni kulala kitandani mara moja, nauli moja, likizo moja ya anayekuuguza, na ukiwa unatoka Kilwa au Ifakara kuja Dar hiyo siyo faida ndogo. Hasara ni kwamba presha kwa kawaida haishuki kama ukifanya ya presha peke yake. Na mwenye presha ya kati na mtoto wa jicho aliyeiva anaweza kuambiwa atolewe mtoto wa jicho tu kwanza, maana hiyo yenyewe inashusha presha kidogo, halafu leza au matone yamalizie. Baba lenzi zake bado safi kwa hiyo hili halikutuhusu, nimeliweka maana shangazi yangu wa Mbagala ndo kesi yake.

Sasa kama ningekuwa nachagulia mtu wangu, na ndo nilikuwa namchagulia kweli, ningeenda hivi. Ugonjwa uko mwanzo au katikati, pembe iko wazi, ningeanza na leza, matone yawe akiba, hasa kwa mtu msahaulifu au asiye na uhakika wa hela ya dawa kila mwezi. Mtu mwenye nidhamu, anaiweza dawa, haina madhara kwake, presha inatii, abaki na matone, hakuna haja ya kumtoa. Mshipa umeliwa sana au presha ni 30 na kitu wakati tayari anatumia aina tatu za matone, hapo leza mara nyingi itakuwa kupoteza muda, kisu, na mtoto wa jicho akija aje. Kijana mwenye lenzi safi anayeenda kwenye kisu ndo ningemwambia alipime zaidi, kwa sababu akitolewa lenzi akiwa na miaka 30 anapoteza uwezo wa kubadilisha mbali na karibu, atahitaji miwani ya kusomea mapema, lakini hata huyo akiambiwa mshipa unaondoka, kisu.

Na mjue kutofautisha ukungu. Ukungu wa mtoto wa jicho unakuja polepole, hauumi, taa za magari usiku zinatawanyika, rangi zinafifia. Jicho lililofanyiwa operesheni ya presha likiwa jekundu, linauma, linatoa usaha au kuona kumepungua ghafla, hata kama ni miaka mitano imepita, hilo siyo mtoto wa jicho, wadudu wanaweza kuwa wameingia kupitia kile kilengelenge, siku hiyohiyo hospitali, iwe Muhimbili iwe CCBRT pale Msasani iwe popote penye daktari wa macho, usikae na asali wala maziwa ya mama mzazi. Halafu kuna wanaosema "nimetolewa mtoto wa jicho na amerudi". Harudi. Ile ngozi nyembamba iliyoshika lenzi ya plastiki inaweza kuingia ukungu, inatobolewa kwa leza nyingine, dakika chache, basi.

Mzee tulimrudisha kwa ujanja. Tulimwita yule jirani kuja kunywa kahawa, hatukumwambia aseme nini, akakaa akaanza kusoma gazeti kwa sauti, mzee akamuuliza mwenyewe, "kwani wewe si ulipofuka?" Wakaongea saa nzima na mimi nikatoka nje.

Jicho la kushoto amepigwa leza mwezi uliopita, tunasubiri wiki ya nane. La kulia lina tarehe. Kwa dokta aliuliza swali moja tu, "na huyo mtoto akija mtanitoa nyinyi au mtanitupa kwa wengine?", dokta akacheka akaandika kwenye faili. Kwa sasa mama ndo mwenye chupa ya matone, anamwekea baada ya taarifa ya habari, na juzi nimemkuta mzee sebuleni amefumba jicho moja anaangalia kalenda ya ukutani, halafu anafumba jingine, halafu anarudia, aliponiona akajifanya anatafuta rimoti.